Kurasa Kumi na Sita za Mwanamkuu

Alhamisi saa nane mchana Mwanamkuu Khatib angejua kama yeye ni mbunifu wa kurasa au ni mfanyakazi wa ndani aliyejisahau. Maneno hayo hakuambiwa na mtu. Alijiambia mwenyewe wiki nzima, kila asubuhi alipotoka kwenye chumba anachokaa na wenzake watatu Al Mansoura, mjini Doha, na kutembea mitaa miwili hadi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji alikokuwa kwenye majaribio.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya miezi mitatu, na yaliisha siku hiyo. Ustadh Abdulrahman, meneja, Msudani mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani na hasira za karibu, alikwishamwambia waziwazi: barua yako iko mezani, Alhamisi saa nane njoo, nitaisaini au sitaisaini. Ni mtu wa maneno machache huyo, na machache yenyewe hayana sukari.

Kabla ya kiwanda, Mwanamkuu alikaa miaka minne na nusu kwenye nyumba moja Al Rayyan, anapika, anapiga pasi, analala kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kufulia. Hakuteswa. Wapenda mikasa watanisamehe, lakini bibi wa nyumba hiyo alikuwa mwema, na ni binti yake aliyemgawia kompyuta ya zamani badala ya kuitupa. Kwa kompyuta hiyo Mwanamkuu alijifunza kupanga kurasa, Ijumaa kwa Ijumaa, akianzia kadi za harusi za Wazanzibari wenzake na vipeperushi vya Wakenya wa kanisani. Kadi moja ikamfikia Eugene, Mkenya, mbunifu mkuu pale kiwandani, naye akamwonesha meneja wake. Ndivyo alivyohama kazi. Siku ya kuagana bibi alimwambia, "Chumba chako nakiacha wazi mpaka miezi yako mitatu ya majaribio iishe. Mambo yakikushinda, rudi." Yalikuwa maneno ya huruma, lakini Mwanamkuu hakupenda kuyakumbuka.

Sasa kazi. Kiwanda kilipewa kitabu na chuo kimoja cha ufundi: mwongozo wa ubunifu wa machapisho, kwa wanafunzi watakaoanza masomo Jumapili. Kitabu cha Kiarabu, na mwishoni faharasa ya istilahi, Kiarabu na Kiingereza, maneno mia moja na themanini kwa kurasa kumi na sita. Eugene alipanga sura zote, kisha likizo yake ikafika na tiketi haikumsubiri. Faharasa akamwachia Mwanamkuu.

"Faili ndio hiyo," alimwambia siku anaondoka, begi liko mlangoni. "Margin nimeshaziset, kila kitu kiko sawa. We jaza tu maneno, usianze kuichokora. Sawa, madam?"

Mwanamkuu akasema sawa. Lakini mtu uliyebakiza wiki mbili uhukumiwe, kujaza maneno kwenye faili ya mwenzio utahukumiwa kwa lipi? Alitaka kurasa ambazo meneja akizitazama aseme huyu ni fundi. Akafungua faili mpya, tupu, akaanza mwanzo.

Wapo wanaodhani kupanga faharasa ni kumwaga maneno ukurasani kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo. Hao hawajapanga hata kadi ya mwaliko. Kiarabu kinatoka kulia, Kiingereza kinatoka kushoto, na vyote viwili vinataka kuanza mstari mmoja. Maelezo yakiwa marefu, neno la chini linasukumwa; likisukumwa hilo, ukurasa mzima unapinda mgongo. Siku nne alihangaika nayo. Neno la Kiarabu akaliweka kulia, kwa wino mzito, la Kiingereza kushoto, jembamba, na maelezo chini yake kwa lugha zote mbili, hewa ikipita baina yao. Kisha akaongeza jambo ambalo Eugene hakulifikiria: ukingoni mwa kila ukurasa, upande wa nje, akaweka kisanduku cheusi chenye herufi, ili msomaji apitishe kidole gumba kwenye ukingo wa kitabu na kuona alifu iko wapi na mimu iko wapi. Visanduku kumi na sita, kila kimoja kikishuka kidogo kuliko kilichotangulia. Alikipanga kila kimoja kwa mkono.

Zilikuwa kurasa nzuri. Mwenyewe alizipenda, na sioni haya kusema kwamba zilistahili kupendwa.

Akazichapa kwa mashine ndogo, karatasi mojamoja. Mwalimu wa chuo akasoma neno kwa neno, akasahihisha matatu, akasaini. Ustadh Abdulrahman akazipitia amesimama, akasema, "Kwayis," yaani vizuri, akaondoka. Kwake hiyo ni sherehe.

Ikabaki hatua moja. Pale kiwandani, kabla ya kitu chochote kwenda kuchongwa kwenye sahani za kuchapia, kunakunjwa dami. Dami ni karatasi kubwa yenye kurasa zote kumi na sita, nane mbele na nane nyuma, inayokunjwa mara tatu na kukatwa mikunjo mpaka iwe kijitabu unachoweza kukipekua. Ukishaipekua ndipo unaposaini kisanduku cha mwisho kwenye fomu ya kazi. Saini hiyo ni ya Makame, fundi wa mashine kubwa, mtu wa Donge, Unguja, aliyekaa Doha miaka ishirini na mbili na hajawahi kusifiwa kwa upole. Anakunja dami ya kila kitu, hata karatasi ya matangazo ya dobi, na meneja ameshamgombeza mara kadhaa kwa kuchelewesha kazi.

Jumatano alasiri Makame alikuwa na mashine iliyovunjika meno, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, na fundi wa kuchonga sahani anasubiri. Mwanamkuu akamwendea na fomu.

"Dami umeikunja?" Makame akamuuliza bila kuinua kichwa.

Hapa ndipo alipoharibu. Hakuwa ameikunja. Aliona kukunja makaratasi ni mambo ya kizamani. Kwenye kompyuta alizitazama kurasa zile mara mia. Na zaidi ya hapo, niseme lilivyo, aliona haya kuonekana kwamba hajui hatua iliyobaki.

"Nshaikunja, Ami," akasema. "Iko sawa."

Makame akamtazama mara moja. Akajifuta kidole kimoja, akashika kalamu, akasaini. Mwanamkuu alimwita Ami, kama baba mdogo, tangu siku ya kwanza, na mtu wa kwenu akikwambia kitu ana kwa ana, utamwambia lete ushahidi?

Alhamisi saa nne mashine ikaanza kuunguruma. Nakala elfu tatu, upande wa kwanza, halafu karatasi zigeuzwe upande wa pili. Saa sita gari la kiwanda cha kufunga vitabu lingekuja kuzichukua, kule zikutane na sura za Eugene, zipigwe gundi ya moto mgongoni, zikatwe, na Jumapili asubuhi ziwe mezani kwa wanafunzi.

Saa nne na nusu Mwanamkuu alishindwa kukaa kitini. Akashuka chini, akaokota karatasi moja kwenye rundo la zile za kujaribia wino. Alitaka kupiga picha amtumie mama yake aliye nyumbani Wete. Karatasi nzima haikuenea kwenye picha, basi akaikunja. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akapitisha rula kwenye mikunjo ya juu na ya pembeni ili kurasa zifunguke.

Akakishika kijitabu mkononi, na mkono ukakifungua wenyewe, kutoka kulia, kama ulivyofungua juzuu tangu akiwa na miaka sita, amekaa mkekani, chuoni kwa maalim wake wa Kurani. Ukurasa wa 148 ukawa kulia na wa 149 kushoto, wanatazamana. Na katikati, pale kitabu kinapokunjika, pale gundi inapokwenda, visanduku vyake viwili vyeusi vilikuwa vimegusana.

Hakuelewa mara moja. Alifunga, akafungua tena. Kisha akaelewa.

Kwenye kompyuta alikuwa amepanga kitabu cha kushoto. Faili mpya haijui kama wewe ni Mwarabu au Mzungu. Inakupa kitabu kinachofunguka kwa Kizungu, na ukitaka kingine lazima uiambie. Faili ya Eugene ilikwishaambiwa. Yake hakuiambia. Miaka yote ameshika vitabu vinavyofunguka kulia, Kurani yake chumbani inafunguka kulia, na alipokaa mbele ya kioo cha kompyuta kichwa chake kikafuata kioo. Kwa hiyo pambizo pana, ile margin ya upande wa mgongo, ilikuwa imekwenda nje, na ile nyembamba, ya milimita nane, imekwenda ndani. Kila ukurasa wenye namba ya witiri ungemeza maneno yake ya Kiarabu. Kila wenye namba ya shufwa ungemeza ya Kiingereza. Kwenye karatasi mojamoja hakuna macho ambayo yangeliona hilo.

Neno la nne la ukurasa wa 149 lilikuwa pambizo ya ndani. Maelezo yake, aliyoyapanga mwenyewe kwa mkono wake, yalisema ni sehemu inayoachwa wazi upande wa mgongo ili maandishi yasizame kwenye gundi. Na yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanazama.

Alisimama na kile kijitabu, mashine inameza karatasi mbele yake. Hesabu ilikuwa rahisi, nayo ilimjia bila kuitwa. Saa sita gari linachukua. Saa nane barua inasainiwa. Jumapili ndiyo watu wanafungua kitabu, na Jumapili lawama la kwanza litawaangukia wafunga vitabu, kwamba wamekula karatasi nyingi mno mgongoni. Alihitaji tu kurudi juu akae kitini. Saa tatu na nusu za kunyamaza, basi.

Sitawadanganya kwamba hakulifikiria. Alilifikiria mpaka akakunja kile kijitabu na kukitia mfukoni. Alipiga hatua tatu kuelekea kwenye ngazi. Kisha akawaona wale wanafunzi, watu wazima, wengine walinzi na madereva wanaojifunza ufundi kwa saa zao za mapumziko kama alivyojifunza yeye, wanavuta kitabu huku na huku wapate kusoma neno lililozama. Akageuka.

"Ami, simamisha mashine."

Makame hakusikia kwa kelele. Mwanamkuu akamwekea kijitabu mbele ya macho, kimefunguliwa. Makame akakitazama muda mfupi kuliko alioutumia yeye, kwa kuwa ni fundi, akabonyeza kitufe chekundu. Kimya kikaingia kiwandani ghafla.

"Ulinambia umeikunja," Makame akasema.

"Nilisema."

Hawakupata kuongeza neno. Kiwanda kikinyamaza meneja husikia akiwa popote. Ustadh Abdulrahman alishuka ngazi mbilimbili, miwani inarukaruka kifuani, akauliza kuna nini. Mwanamkuu akamweleza kwa Kiarabu chake cha Al Rayyan, kile cha jikoni, akimwonesha kwa kidole. Kosa lake, pambizo zake, faili yake. Meneja akasikiliza hadi mwisho, akaichukua fomu ya kazi iliyoning'inia kwenye mashine.

"Dami nani aliangalia?"

"Mimi," Makame akasema. "Saini yangu hiyo."

Mwanamkuu alisubiri aendelee, aseme lile lililobaki, na Makame hakuendelea. Lilikuwa la Mwanamkuu kulisema, sasa hivi, na ulimi ukamgomea.

"Na wewe tutaonana," meneja akamwambia Makame. Kisha kwa Mwanamkuu, "Muda gani kurekebisha?"

"Saa moja na nusu."

"Saa moja. Yalla."

Alipanda juu mbio. Pambizo zenyewe hubadilishwa kwa dakika moja; vile visanduku ndivyo vilivyomtesa. Kumi na sita, kila kimoja alikiweka kwa mkono, na sasa kila kimoja kilipaswa kung'olewa na kuhamishiwa ukingo wa pili, na mistari iliyosogea irudishwe, maana Kiarabu kikihama milimita kumi na nne, maelezo marefu huangukia ukurasa wa pili. Ukurasa wa 153 ulikataa mara tatu. Jasho lilimtiririka na kiyoyozi kinavuma. Fundi wa sahani alikuja kusimama nyuma yake, akapumua, akaondoka, akarudi. Wafunga vitabu wakapigiwa simu wasogeze gari hadi saa kumi, wakalalamika, wakakubali.

Alipomaliza, alichapa karatasi pande zote mbili, akaikunja mara tatu, akakata mikunjo, akapekua kutoka kulia ukurasa kwa ukurasa. Visanduku vilikuwa nje. Alipopitisha kidole gumba ukingoni, herufi zilishuka kwa zamu. Akampelekea Makame. Makame akaipekua upya yote, akasaini. Saa saba na robo mashine ikaunguruma tena.

Saa nane kamili Mwanamkuu alikuwa mbele ya meza ya Ustadh Abdulrahman. Barua ilikuwa pale kweli, kalamu juu yake.

"Kaa," meneja akasema. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha zaidi. "Pambizo kukosea si ajabu. Mimi mwenyewe, Khartoum, mwaka wangu wa kwanza, nilichapa kalenda yenye Februari mbili. Umekosea, ukaona, ukasimamisha mashine. Wengi wangenyamaza. Mtu wa namna hiyo namtaka."

Akavaa miwani. Akaivuta barua.

"Wa kulaumiwa ni Makame. Kazi ya kukunja dami ni yake, na amesaini kitu asichokiona. Nimeshamwonya mara mbili kwa mambo mengine. Hii ni ya tatu, na ya tatu namrudisha kwao." Akaandika tarehe juu ya barua ya Mwanamkuu, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Kalamu ikashuka chini, kwenye mstari wa saini.

Mwanamkuu aliitazama ile nukta ya kalamu. Alikuwa amesifiwa kwa ukweli na bado hajausema wote. Nafsi ilimwambia ngoja, ni sekunde moja tu, kisha utamtetea Makame ukiwa na barua mkononi. Aliichukia nafsi hiyo.

"Ustadh, Makame aliniuliza kama nimeikunja. Nikamwambia nimeikunja. Sikuikunja."

Kalamu ikasimama.

"Ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Asubuhi nilipouliza mbele yako, ulinyamaza."

"Ndiyo."

Ustadh Abdulrahman akaiweka kalamu kando, akavua miwani, akajisugua macho. Nje mashine ilikuwa inakwenda sawasawa.

"Leo sisaini," akasema hatimaye. "Kosa la kazi nimelisamehe. Uongo sijui nikufanyie nini. Nakuongeza miezi mitatu ya majaribio, nikutazame. Ukitaka. Usipotaka, nitakuandikia karatasi ya kukuruhusu urudi ulikotoka, na sitakusema vibaya."

Miezi mitatu. Kufikia hapo chumba cha Al Rayyan kitakuwa kimepata mtu mwingine, na akishindwa hana pa kurudi. Aliogopa, waziwazi, kama mtu anavyoogopa kuvuka barabara yenye magari ya kasi. Hakufikiri muda mrefu.

"Nataka," akasema. "Na Makame?"

"Makame aliamini mtu. Hilo halina onyo."

Alishuka chini akiwa amejikaza asilie mbele ya watu. Makame alikuwa kando ya mashine, anajifuta wino kwa kitambaa kisichokuwa na sehemu safi.

"Kasaini?"

"Hajasaini. Kaniongeza miezi mitatu. Nimemwambia nilikudanganya."

Makame aliendelea kujifuta, kidole baada ya kidole.

"Kwa nini wewe hukumwambia, Ami? Alikuuliza mimi nipo."

"Uongo si wangu. Ningeusema vipi?"

Mwanamkuu alisema samahani, kwa sauti ndogo, na Makame hakusema haidhuru, wala hakusema nimekusamehe. Alivuta karatasi moja iliyotoka mashineni muda huo, pande zote mbili zimechapwa, wino bado unanuka, akamkabidhi.

"Kunja," akamwambia. "Mbele yangu."